Kigawanyi cha Masafa: Hesabu Inayoamua Redio Itashika Stesheni Gani

Kigawanyi cha masafa ni saketi inayopokea mapigo ya umeme kwa kasi kubwa na kutoa pigo moja kila baada ya idadi iliyopangwa. Kikiingiziwa mapigo 109,000,000 kwa sekunde na kikapangiwa namba 1,090, hutoa mapigo 100,000 kwa sekunde. Hakipokei sauti, hakikuzi mawimbi, wala hakiungwi na antena. Hata hivyo, katika redio nyingi zinazoonyesha namba kwenye kioo, saketi hii ndiyo inayoamua redio itasimama juu ya stesheni gani, itaruka ipi, na kwa kelele kiasi gani.

Mkanganyiko wa mpakani

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zinafaa sana kulipima jambo hili. Kuanzia Runazi hadi vilima vya Rusumo na Kabanga, redio moja hupokea mawimbi kutoka nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Tangu mwaka 1995 pana Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, mwaka mmoja baada ya watu wapatao 250,000 kuvuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda. Katika masafa mafupi, idhaa za Kiswahili za BBC na Deutsche Welle zilisikilizwa kwa miaka mingi, na Deutsche Welle ilikuwa na kituo chake cha kurushia matangazo Kigali hadi kilipofungwa mwaka 2015.

Vyombo vya kupokelea navyo ni mchanganyiko: redio za mshale zinazotumia mawe, simu zenye FM ndani, redio za namba kutoka China, na redio za magari ya mitumba kutoka Japani. Humo ndimo malalamiko yanamoanzia. Redio ya gari inaishia 90 wakati stesheni nyingi ziko juu ya hapo. Redio iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaruka baadhi ya stesheni za AM. Simu na redio ya mezani, zikiwa zimewekwa kwenye namba ileile, hazisikiki kwa usafi ule ule. Maelezo yanayotolewa mitaani ni kwamba antena ni mbovu, kifaa ni feki, au mnara umepunguzwa nguvu. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi sababu ni uamuzi wa msanifu aliyepanga vigawanyi, akiwa na nchi nyingine akilini.

Kinachogawanywa

Redio ya kawaida haichakati mawimbi ya stesheni moja kwa moja. Ndani yake kuna osileta inayotengeneza mawimbi yake yenyewe. Haya huchanganywa na yale ya stesheni, na tofauti ya hayo mawili hupelekwa kwenye kichujio kisichobadilika. Kwa FM, tofauti hiyo, yaani masafa ya kati, kwa kawaida ni megahezi 10.7. Ili kupokea stesheni ya 98.3, osileta huwekwa kwenye 109.0. Kuchagua stesheni, basi, ni kuchagua masafa ya osileta.

Tatizo ni kuilazimisha osileta ikae hapo. Osileta ya koili na kapasita hupokea amri kwa urahisi, ila haitulii: joto la mchana na betri inayoisha huisukuma. Fuwele ya kwazi inatulia vizuri, lakini ina masafa yake mamoja tu na haikubali kuhamishwa. Kigawanyi huunganisha sifa za hawa wawili. Mawimbi ya osileta hugawanywa kwa namba N hadi yawe madogo, kisha hulinganishwa na mapigo tulivu yaliyotoka kwenye fuwele, yaani masafa ya rejea. Yakitofautiana, kilinganishi hutoa volti ya kuisahihisha osileta. Mzunguko huo mzima, yaani kitanzi cha kufunga awamu, hutulia pale tu osileta inapokuwa sawasawa na N mara masafa ya rejea. N ikiongezwa moja, osileta hupanda hatua moja. Namba inayobadilika kwenye kioo cha redio ni N iliyovalishwa nguo nyingine.

Hapo ndipo usanifu unapoanza kuwa mgumu, kwa sababu masafa ya rejea yanavutwa na mahitaji yanayopingana. Yakiwa makubwa, kitanzi hufunga haraka na N huwa ndogo. Yakiwa madogo, redio hupata hatua ndogo za kutafutia stesheni. Kelele za fuwele na za kilinganishi hukuzwa kadiri ya N: kwa N ya 1,090 ni karibu desibeli 61, na N ikiongezwa mara nne, desibeli 12 zaidi huongezeka. Kelele hizo huzunguka mawimbi ya osileta kama ukungu, na stesheni yenye nguvu iliyo jirani hupenya kupitia ukungu huo hadi ndani ya stesheni dhaifu inayotafutwa. Mahali penye stesheni chache, kasoro hii haionekani. Kwenye kilima cha Ngara, ambako mnara wa jirani unaweza kuwa wa nchi nyingine na wenye nguvu zaidi kuliko wa nyumbani, inaonekana mapema.

Msimamo wa kwanza: kutogawanya kabisa

Redio ya mshale haina kigawanyi. Mkono wa msikilizaji ndio unaofunga kitanzi, na sikio ndilo kilinganishi. Watetezi wake wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Saketi ni chache, hazina mapigo ya kidijitali yanayovuruga AM, mawe hudumu, na hakuna hatua za kuruka: mshale hupita juu ya kila stesheni, iwe imepangwa kwa mpango wa Ulaya, Marekani au Japani.

Udhaifu wake unaonekana kwa hesabu fupi. Osileta ya FM ikiyumba kwa sehemu moja tu kati ya elfu, huhama karibu kilohezi 109, yaani nafasi nzima ya stesheni inayofuata. Saketi ya kujisahihisha hupunguza tatizo, lakini huzua lingine: ikitokea stesheni kubwa jirani na ndogo, saketi hujisahihisha kuelekea kubwa. Fuwele ya kawaida yenye kosa la sehemu 50 kati ya milioni ingehama kilohezi 5.5 tu. Tofauti hiyo, mara ishirini, ndiyo sababu redio za namba zilienea licha ya ugumu wake.

Msimamo wa pili: kugawa kwanza kwa namba isiyobadilika

Vihesabio vinavyoweza kupangwa vilikuwa vya polepole wakati redio za namba zilipoanza kutengenezwa. Kihesabio cha namna hiyo kilishindwa kabisa na megahezi 109. Suluhisho rahisi lilikuwa kutanguliza kigawanyi cha kasi kinachogawa kwa namba moja tu, tuseme 8. Megahezi 108.8 hushuka kuwa 13.6, na kihesabio cha kawaida kinaichukua bila shida.

Ubaya ni kwamba kila hatua ya kihesabio sasa ina thamani ya hatua nane za osileta. Ili redio iendelee kupanda kwa kilohezi 100, rejea lazima ishuke hadi kilohezi 12.5. Kugawa kwa jumla kunakuwa 8,704, na kelele hupanda desibeli 18. Zaidi ya hayo, mapigo ya rejea hayachujwi kikamilifu. Mabaki yake huitikisa osileta, na kilohezi 12.5 ni sauti ambayo sikio changa huisikia kama mluzi mwembamba. Msanifu hulazimika kubana kichujio cha kitanzi, nacho kikibanwa redio huchelewa kufunga. Kwa redio ya bei nafuu yenye spika ndogo, kasoro hizi huvumilika. Kwa redio nzuri ya gari, hazivumiliki.

Mabaki ya rejea yanastahili kuangaliwa zaidi, maana ni eneo ambalo wasanifu wengi hujikwaa. Mtu angedhani kwamba rejea ya kilohezi 25 au 50 ni salama kwa kuwa hakuna sikio la binadamu linaloisikia. Si hivyo katika FM ya stereo. Habari za stereo husafirishwa zikizunguka kilohezi 38, kati ya 23 na 53. Mtikisiko wa kilohezi 25 huingia humo, na saketi ya stereo huushusha kwa uaminifu kuwa mluzi wa kilohezi 13. Ule wa 50 huwa wa 12. Rejea ya kilohezi 100 hupita nje ya eneo hilo lote. Ndiyo maana redio ileile yaweza kuwa safi ikiwekwa mono na kupiga mluzi ikirudishwa stereo.

Msimamo wa tatu: kigawanyi cha viwango viwili

Wazo hili ni la werevu na bado ndilo uti wa mgongo wa redio nyingi za namba. Kigawanyi cha awali hupewa uwezo wa kugawa kwa namba mbili zinazofuatana, kwa mfano 32 na 33, na vihesabio viwili vya polepole hukiamuru kitumie ipi. Kwa N ya 1,090, kihesabio kikubwa huwekwa 34 na kidogo 2. Mizunguko miwili ya kwanza hugawa kwa 33, jumla 66. Mizunguko 32 iliyobaki hugawa kwa 32, jumla 1,024. Ukijumlisha unapata 1,090 kamili. Saketi ya kasi ni ndogo tu, vihesabio vingine vinafanya kazi kwa megahezi tatu na ushee, na rejea inabaki kilohezi 100.

Hata hivyo, kuna mtego ambao vitabu hutaja kwa mstari mmoja na wasanifu hukutana nao maabara. Kihesabio kidogo hakiwezi kuzidi kikubwa, kwa kuwa haiwezekani kugawa kwa 33 mara nyingi kuliko mizunguko iliyopo. Kwa 32 na 33, namba zote zinapatikana bila pengo kuanzia 992 kwenda juu, yaani 32 mara 31. Chini ya hapo kuna mashimo. Bendi ya FM inayotumika Tanzania huanzia 87.5, na osileta ikiwa 98.2, N ni 982. Namba hiyo inapatikana: kikubwa 30, kidogo 22. Zinazofuata pia zinapatikana, hadi 990, ambapo vihesabio vyote viwili ni 30. Lakini 991 inadai kikubwa 30 na kidogo 31. Haiwezekani. Halafu 992 inapatikana tena, na hakuna shimo lingine hadi mwisho wa bendi.

Shimo hilo moja linaangukia megahezi 88.4. Redio iliyosanifiwa hivyo ingepokea stesheni zote isipokuwa ya 88.4, na fundi angebadilisha antena, angeyeyusha risasi upya kwenye kila kiungo, asione kosa. Kosa halimo kwenye ubao, limo kwenye hesabu. Tiba ni kutumia 16 na 17, ambapo namba zote kuanzia 240 zinapatikana. Gharama yake ni kwamba vihesabio sasa vinapokea hadi megahezi 7.4, mara mbili ya awali, na hula umeme zaidi kidogo. Kwa chipu za leo hiyo si gharama ya kujadili. Kwa chipu za zamani, ambazo kigawanyi cha awali peke yake kingeweza kunywa milliampia makumi, ilikuwa tofauti kati ya redio ya mawe na redio ya umeme wa gari.

Msimamo wa nne: kugawa kwa namba yenye sehemu

Ikiwa kigawanyi kinaweza kubadilishwa kati ya namba mbili, hakuna sababu ya kubadilisha kwa mpangilio unaotoa namba kamili tu. Kwa rejea ya megahezi 1, osileta ya 108.8 inahitaji N ya 108.8. Kigawanyi hugawa kwa 109 mara nane na kwa 108 mara mbili katika kila mizunguko kumi. Wastani ni 108.8. Rejea imekuwa kubwa mara kumi, N imepungua mara kumi, na kelele zinazokuzwa zimepungua desibeli 20. Hatua inaweza kufanywa ndogo kadiri ya mapenzi ya msanifu.

Bei inalipwa kwingine. Wastani ni sahihi, lakini kila mzunguko mmoja mmoja una kosa, na kosa hilo hujirudia kwa utaratibu. Utaratibu huo hutokea kama milio ya uongo pembeni mwa osileta, na kila mlio wa uongo ni mlango ambao stesheni nyingine inaweza kuingilia. Vifaa vya kisasa huvunja utaratibu kwa kuchanganya mpangilio wa namba kama kwa kura, ili milio igeuke kuwa kelele za juu ambazo kichujio huziondoa. Hilo linahitaji saketi nyingi za kidijitali na usanifu makini wa njia za umeme ndani ya chipu. Kwa redio ya FM pekee, ni kutumia shoka kukata nyuzi. Kwa redio ya bendi zote, kuanzia AM hadi masafa mafupi yenye hatua za kilohezi 1 au chini yake, hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokaribia.

FM ya simu

Simu na redio ndogo za China zimechukua njia nyingine tena. Masafa ya kati ya megahezi 10.7 yanahitaji vichujio vya kauri nje ya chipu; ili kuviondoa, wasanifu waliyashusha masafa hayo. Mfano unaojulikana sana miongoni mwa mafundi ni chipu ya Philips TEA5767, yenye masafa ya kati ya kilohezi 225. Osileta yake huzunguka kwa kasi maradufu, na kigawanyi cha mbili hutoa mawimbi mawili yaliyopishana robo mzunguko. Kupishana huko ndiko kunakoiwezesha chipu kutofautisha stesheni iliyo juu ya osileta na iliyo chini yake.

Kutofautisha huko hakukuwa tatizo kubwa zamani. Kwa 10.7, stesheni pacha inayoweza kujipenyeza iko umbali wa megahezi 21.4, nje ya bendi yenye upana wa 20.5; namba 10.7 haikuchaguliwa kwa bahati. Kwa kilohezi 225, pacha yuko kilohezi 450 tu, katikati ya bendi yenyewe. Katika eneo la mpaka wa nchi tatu, uwezekano wa kuwapo stesheni hapo ni mkubwa, na usalama unategemea sana usahihi wa kile kigawanyi cha mbili. Nusu mbili za mzunguko zisipolingana barabara, matangazo ya nchi jirani husikika chinichini.

Chipu hiyohiyo inaeleza pia kwa nini masafa halisi ya simu na ya redio ya mezani hayalingani kikamilifu hata namba zikiwa sawa. Inaruhusu fuwele ya kilohezi 32.768, ile ya saa za mkononi, ambayo ni rahisi na ndogo. Kwa fuwele hiyo hatua ni hezi 8,192, namba isiyogawanyika vizuri katika kilohezi 100. Kwa stesheni ya 98.1, hesabu inadai N ya 12,002.56, chipu huchukua 12,003 na kusimama juu ya 98.1036. Kosa la kilohezi 3.6 halisikiki, kwa kuwa mawimbi ya FM yenyewe huyumba hadi kilohezi 75 kila upande. Kuilaumu simu kwa kosa hilo ni kuionea.

Redio za Japani na ukuta wa 90

Tanzania huendesha magari upande wa kushoto, kama Japani, na ndiyo maana magari ya mitumba hutoka huko. Redio zake zilipangiwa bendi ya FM ya Japani, 76 hadi 90, baadaye hadi 95. Kwa Ngara na Biharamulo maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya bendi imefungwa.

Tiba iliyoenea ni ekspanda, kasha dogo linaloungwa kati ya antena na redio. Ndani yake kuna osileta ya fuwele na kichanganyaji kinachoshusha bendi nzima kwa kiasi kimoja. Ikishusha kwa 20, stesheni ya 98.1 husomeka 78.1. Ni nafuu na fundi huifunga kwa dakika chache. Lakini redio yenye upana wa megahezi 14 haiwezi kubeba bendi ya 20.5, hata ishushwe vipi. Ukichagua kushusha kwa 20, unapata 96 kwenda juu na kukosa mengi ya katikati. Kichanganyaji cha ziada nacho huongeza kelele na milio ya uongo, na stesheni za 87.5 hadi 88 zinazopenya bila kushushwa hupandana na zilizoshushwa.

Swali linalorudiwa ni kwa nini kigawanyi kisipangwe upya tu. Baadhi ya redio zina diodi au vipinga kwenye ubao vinavyoiambia chipu iko bara gani, na kigawanyi chenyewe hakina kizuizi: namba ni namba. Kizuizi kiko kwenye koili. Redio nyingi za Japani huweka osileta chini ya stesheni, kati ya 65.3 na 79.3, kwa sababu juu yake palikuwa na chaneli za televisheni za huko ambazo zingejipenyeza. Uwiano wa masafa hayo mawili ni 1.21, na kapasita inayoongozwa na volti inahitaji kubadilika mara 1.47 tu. Ili redio hiyo ifike 108 bila kupoteza 76, osileta ingetakiwa kwenda hadi 97.3, uwiano unakuwa 1.49, na kapasita ingebidi ibadilike mara 2.2. Kigawanyi kitatoa amri, volti itapanda hadi mwisho, na kitanzi hakitafunga. Inayowezekana ni kuihamisha bendi nzima: kupunguza koili za osileta na za mlango wa antena, kisha kubadilisha diodi, na kuiacha bendi ya Japani, ambayo Biharamulo haina mtu anayeihitaji. Kazi hiyo inadai vipimo. Bila vipimo, afadhali redio nyingine.

AM na hatua ya tisa

Suala la AM ni fupi. Mpango wa Geneva wa mwaka 1975 ulipanga stesheni za AM barani Afrika, Ulaya na Asia kwa nafasi za kilohezi 9. Amerika ilibaki na 10. Redio ya hatua ya 10 ikitafuta 675 hupata 670 au 680, kilohezi 5 nje, na sauti huwa ya kukwaruza. Swichi ndogo ya 9 na 10 nyuma ya redio nyingi hubadilisha rejea ya kigawanyi, basi. Chipu kama LM7001 ya Sanyo hutumia fuwele ya megahezi 7.2 kwa kuwa namba hiyo hugawanyika kwa zote: kwa 800 hutoa 9, kwa 720 hutoa 10, kwa 72 hutoa 100. Kwa sababu hiyohiyo redio za namba hupendelea masafa ya kati ya kilohezi 450 badala ya 455 ya redio za mshale. 450 hugawanyika kwa 9 na kwa 10, lakini 455 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo.

Mizani

Kosa la kawaida la mnunuzi, na la msanifu mchanga pia, ni kuona hatua ndogo kuwa ndiyo ubora. Mpango wa Geneva wa mwaka 1984, unaoongoza FM barani Afrika, uliweka stesheni kwenye mafungu ya kilohezi 100. Redio inayopanda kwa 25 inasimama mara tatu mahali pasipo na kitu kwa kila mara moja panapoweza kuwa na stesheni, na ikiwa imepata hatua hiyo kwa kushusha rejea, imelipa kwa kelele na kwa mluzi wa stereo. Inayopanda kwa 100 haipotezi chochote, isipokuwa pale kituo fulani kimepewa masafa nje ya mafungu hayo.

Kwa redio ya FM ya kutumika Ngara na Biharamulo, mahali penye stesheni zilizosongamana na nguvu zisizolingana, kigawanyi cha 16 na 17 chenye rejea ya kilohezi 100 na masafa ya kati ya 10.7 kinawashinda wengine: hakina mashimo, N ni ndogo, mabaki ya rejea yako nje ya stereo, na pacha yuko nje ya bendi. Chipu ya simu inakishinda kwa bei na kwa betri tu. Njia ya namba yenye sehemu iachiwe redio ya bendi zote. Redio ya mshale inabaki na nafasi yake kwa msikilizaji wa AM anayehesabu mawe. Anayenunua redio ya namba na aulize mambo mawili kabla ya kulipa: je, FM yake inafika 108, na je, AM yake inapanda kwa 9?